Ile "1:" Niliyoiacha Kwenye Laptopu za Wenzangu

Ijumaa moja ya Novemba 2025, kwenye kikao cha kikundi chetu cha watumiaji wa Linux hapa chuoni, dada mmoja wa mwaka wa nne, Sheria, alinyoosha mkono. Dada huyu si mtu wa kompyuta. Alihamia Linux kwa sababu alichoka na virusi vya flashi vinavyotoka steshenari. Ila ana tabia ambayo sisi wa kompyuta wengi hatuna: anasoma kila kinachoandikwa kwenye kioo kabla hajabonyeza.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hii moja na nukta mbili mbele ya namba ya programu yako ya PDF ni ya nini?"

Nikamjibu haraka haraka, "Ni namba ya toleo tu, dada, isikusumbue."

"Hainisumbui. Ila ya mwenzangu huyu haina, halafu yake imeandikwa 3.8, yangu 3.6. Na mimi nimesasisha leo asubuhi, kompyuta ikaniambia hakuna kipya. Sasa nani muongo?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilishaelewa. Ile programu niliitengeneza mwenyewe miezi saba nyuma, nikawagawia watu 31, na ile "1:" niliiweka mimi kwa mkono wangu. Kwa maana nyingine, kompyuta haikuwa inamdanganya. Aliyemdanganya alikuwa mimi, ila bila kukusudia.

Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile badala ya "isikusumbue". Nimeandika kwa ajili ya yeyote anayewagawia wenzake programu kwa flashi au kwa hotispoti, na kwa anayepokea.

Kifurushi ni nini hasa

Neno hili hapa kwetu lina watu wake wawili. Ukisema "nimenunua kifurushi", mama ntilie atajua umenunua bando. Kwenye Linux, kifurushi ni faili moja lenye programu nzima tayari kusakinishwa. Kwenye Debian na Ubuntu jina lake huishia na .deb. Ukilifungua utakuta vitu vitatu: faili dogo linalotaja aina ya kifurushi, sehemu ya maelezo, na sehemu ya mafaili yenyewe yatakayosambazwa kwenye diski.

Watu wengi hudhani hatari ipo kwenye ile sehemu ya tatu. Mimi naomba uitazame ya pili. Humo kwenye maelezo, pamoja na jina na namba ya toleo, mtengenezaji anaruhusiwa kuweka hati ndogo za amri zinazoendeshwa kabla na baada ya usakinishaji. Na zinaendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani ruti. Hata kama hujaifungua programu yenyewe hata mara moja, ukishabonyeza "sakinisha" hati hizo zimeshafanya kazi zake. Zinaweza kuandika popote, kufuta chochote, kuongeza mtumiaji mwingine. Kwa hiyo mwenzako anapokupa .deb kwenye flashi na kukwambia "weka tu, iko poa", amekuomba funguo za nyumba nzima, kuanzia jikoni mpaka chumbani.

Kwa nini basi tunagawana? Sababu zipo, na ni nzuri. Debian hutoa toleo imara takriban kila baada ya miaka miwili: Debian 12 ilitoka Juni 2023, Debian 13 ikatoka Agosti 2025. Ubuntu hutoa toleo lake la muda mrefu kila Aprili ya mwaka wa namba shufwa. Katikati ya hapo, programu nyingi hubaki na namba zilezile. Wewe unayesoma habari kwamba programu fulani imefika toleo jipya lenye kitu unachokihitaji kwa pepa la wiki ijayo, utasubiri mwaka na nusu? Hausubiri. Unamtafuta mtu kama mimi.

Ila hapa kuna kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalo kichwani, na naona bado limejaa hosteli: kudhani namba ya zamani maana yake ni programu yenye matundu. Sivyo. Tundu la usalama likigunduliwa, kwa kawaida watunzaji wa Debian hawakupi toleo jipya. Wanachukua kiraka chenyewe tu, wanakishonea kwenye toleo la zamani. Toleo 3.2-4 linakuwa 3.2-4+deb12u1. Ukitazama haraka bado ni 3.2 ileile ya mwaka juzi, lakini tundu limezibwa. Kile kimkia kidogo mwishoni ndicho chenye habari.

Ushujaa wa mwezi wa tatu

Machi 2025 tulikuwa tunajiandaa na mitihani, na madesa ya somo moja yalikuja yakiwa yamepigwa picha kwa simu na kuunganishwa kuwa PDF moja ya kurasa mia tatu na ushee. Programu ya kusomea PDF iliyokuwa kwenye Debian 12, sitaitaja jina kwa sababu walioitengeneza hawana kosa lolote katika habari hii, ilikuwa inafika ukurasa wa arobaini hivi inajifunga yenyewe. Nikasoma kwamba toleo la majaribio la 3.6 limerekebisha hilo. (Namba zote za programu hii nimezirahisisha ili somo lieleweke.) Nikashusha chanzo chake, nikakikusanya kwenye laptopu yangu, nikapata .deb, nikajisikia mhandisi.

Furaha ilidumu dakika kumi. Laptopu yangu ina Ubuntu 24.04, rafiki yangu wa Jiografia ana Debian 12. Kifurushi kikamkatalia: kinahitaji maktaba ya C toleo 2.38 au zaidi, yeye anayo 2.36. Hili ni kosa la kwanza la kila anayeanza kutengeneza vifurushi. Programu ikikusanywa kwenye mfumo mpya inajifunga na maktaba za mfumo huo, na haikubali kushuka chini. Jamaa mmoja kikundini akapendekeza tulazimishe kwa --force. Nashukuru sikumsikiliza. Kulazimisha kunanyamazisha onyo tu; maktaba inayokosekana itaendelea kukosekana. Na usijaribu kabisa kumpandishia mtu maktaba ya C kutoka mfumo mwingine. Karibu kila programu kwenye kompyuta yake imeegemea hapo, ukiharibu hata amri ya ls itagoma.

Dawa yake ni kukusanya ndani ya chumba safi: mfumo mdogo wa Debian 12 usio na kitu kingine, unaotengenezwa ndani ya laptopu yako na programu kama sbuild au pbuilder. Kazi ikiisha chumba kinafutwa. Faida ya pili ni kwamba kila kitu ambacho programu inakihitaji lazima kitajwe kwenye maelezo, maana ndani ya chumba hakuna cha kuazima kimyakimya. Nikafanya hivyo, kikakubali. Nikakiita 3.6rc2-1, kwa kuwa watengenezaji walikiita hivyo, toleo la pili la kuelekea 3.6.

Ile wiki nilikuwa mtu. Nilikuwa nikipita kafeteria nasikia "mkuu!" kutoka meza tatu. Nilinunuliwa chipsi mayai na watu nisiowajua majina. Flashi yangu ilizunguka hosteli mbili.

Aprili toleo kamili la 3.6 likatoka. Nikalitengeneza vizuri kabisa, 3.6-1, nikaligawa. Likakataa kuingia. Kompyuta ilisema lililopo ni jipya zaidi.

Hesabu ya namba

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo tuliza akili kidogo.

Dpkg, ile programu inayosakinisha .deb, hailinganishi namba kama sisi tunavyosoma. Inakwenda kipande kwa kipande: herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ikifika mwisho wa 3.6 na upande wa pili kuna "rc2" imebaki, inahesabu kwamba chenye ziada ni kikubwa. Haijui kwamba rc ni toleo la majaribio. Kwa hiyo 3.6rc2 ni kubwa kuliko 3.6. Huniamini? Fungua terminali uandike:

dpkg --compare-versions 3.6rc2-1 gt 3.6-1 && echo ndiyo

Itakujibu ndiyo.

Kuna alama moja tu inayogeuza hesabu hiyo, nayo ni kiwimbi: ~. Kwa dpkg, kiwimbi ni kidogo kuliko kila kitu, hata kuliko kutokuwepo na kitu. 3.6~rc2 ni ndogo kuliko 3.6. Kama ningeweka kiwimbi Machi, Aprili kila mtu angepanda ngazi bila shida, na makala hii isingekuwepo.

Sikujua. Nilichofanya ni kutafuta njia ya mkato, nikaipata. Mbele ya namba ya toleo unaweza kuweka tarakimu na nukta mbili, na dpkg huisoma hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Isipoandikwa, inahesabiwa kuwa sifuri. Kwa hiyo 1:3.6-1 ni kubwa kuliko 3.6rc2-1. Pia ni kubwa kuliko 3.8-2. Ni kubwa kuliko 900-1. Ni kubwa kuliko chochote ambacho watunzaji rasmi wa programu hiyo watakitoa maisha yao yote, mpaka nao waweke "1:" yao, jambo ambalo hulifanya kwa nadra sana na kwa sababu nzito, kwa kuwa ikishawekwa haiondoleki.

Nikaweka. Kifurushi kikaingia kwa watu wote 31 bila kelele. Nikajipongeza.

Wakati sisi tuko fildi

Julai tukatawanyika kwenda fildi. Mimi nilipangiwa mahali ambapo mtandao ulipatikana ukipanda kilimani, tena kwa simu ya mtu. Agosti likagunduliwa tundu kwenye ile programu: PDF iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuendesha amri kwenye kompyuta ya anayeifungua. Na sisi tunafungua PDF za nani? Za kila mtu. Za kundi la darasa, za steshenari, za "nimetumiwa na jamaa wa chuo kingine".

Debian wakafanya kazi yao. Kiraka kikashonewa kwenye 3.2, kikatoka kama 3.2-4+deb12u1, na kila mwenye Debian 12 ya kawaida akakipata aliposasisha. Watu wangu 31 hawakukipata. Walikuwa na 3.6, ambayo nayo ilikuwa na tundu lilelile, lakini kwa macho ya apt wao walikuwa mbele. Walipoendesha sasisho waliambiwa kila kitu kiko sawa.

Nataka uone kwamba katika hatua hii ile "1:" bado haijawa kosa. Hata kama ningetengeneza kifurushi changu kwa namba safi kabisa, 3.6 bado ingekuwa kubwa kuliko 3.2, na kiraka kisingewafikia. Ndivyo ilivyo kwa kila aliyepewa toleo jipya kuliko la mfumo wake: ametoka kwenye uangalizi wa timu ya usalama ya Debian, ameingia kwenye uangalizi wa aliyempa. Timu ya usalama ya watu wale 31 nilikuwa mimi, niko kilimani natafuta mtandao, wala sikujua kwamba nina cheo hicho. Watengenezaji walishatoa 3.6.1 yenye marekebisho. Kazi yangu ingekuwa ya saa moja.

Kosa la "1:" lilikuja kuonekana baadaye. Tarehe 9 Agosti 2025 Debian 13 ilitoka, ikiwa na 3.8 ya programu ile, tundu limezibwa. Oktoba tuliporudi tukaanza kupandisha laptopu za watu kwenda Debian 13, na kwa namba ya kawaida 3.8 ingeifunika 3.6 yangu moja kwa moja, mambo yangejirekebisha yenyewe. Kwa wachache, apt ilikiondoa kifurushi changu kwa sababu ya maktaba zilizobadilika, na hao wakasakinisha upya wakapata 3.8. Waliobaki waliendelea na 1:3.6-1, yenye tundu, ndani ya mfumo mpya kabisa. Yule dada wa Sheria alikuwa mmojawao. Na laptopu yake niliipandisha mimi mwenyewe.

Wenzetu waliotangulia

Baada ya kikao kile sikulala vizuri, nikaanza kusoma habari za watu wengine waliogawa vifurushi nje ya njia rasmi. Si hadithi za wezi tu, nyingi ni za watu wema.

Iliyonigusa zaidi ni ya ghala lililoitwa debian-multimedia.org. Kwa miaka mingi lilikuwa likitoa programu za video na sauti ambazo Debian haikuwa nazo, na watu kila pembe ya dunia waliliandika kwenye orodha ya maghala yao. Mwaka 2012 likabadilisha jina, likaitwa deb-multimedia.org. Lile jina la zamani la mtandao likaachwa, muda wake ukaisha, likasajiliwa na mtu mwingine ambaye Debian hawakumfahamu. Juni 2013 Debian ikabidi iwatangazie watu waliondoe mara moja. Hebu fikiria: kompyuta nyingi zilikuwa bado zinabisha hodi kila siku kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Kinga yao ilikuwa saini, maana mwenye nyumba mpya hakuwa na ufunguo wa kutia saini wa yule wa kwanza. Ila saini inamlinda yule tu asiyezoea kubonyeza "endelea" kila anapoonywa.

Kwenye Arch kuna AUR, ambako watumiaji wanagawana maelekezo ya kutengenezea vifurushi. Kifurushi kikikosa mlezi, mtu yeyote anaweza kukiasili. Julai 2018 mtu mmoja alikiasili acroread, nacho ni cha kusomea PDF kama changu, akaongeza mstari wa kushusha hati ya kukusanya taarifa za kompyuta. Waligundua haraka wakaiondoa. Kilichonishtua ni jinsi mlango ulivyokuwa mdogo: mlezi wa kwanza kachoka, basi.

Na usije ukadhani njia rasmi ni ya malaika. Machi 2024 ndipo dunia ilipojua kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyopo karibu kila mahali, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kulikuwa na mlango wa siri uliopandwa na mtu aliyejenga uaminifu kwa miaka. Mhandisi Andres Freund aliligundua kwa kuona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Mlango huo ulishafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na ya Fedora, lakini toleo imara la Debian halikuguswa, kwa sababu lilikuwa bado na xz ya zamani. Nilisoma hapo nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nawacheka watu wenye "programu za kizee".

Wapo pia waliofanya vizuri. Backports.org ilianza kama kazi ya kujitolea, nje ya Debian: kuchukua matoleo mapya na kuyatengeneza upya kwa ajili ya mfumo imara. Mwaka 2010 Debian ikaichukua ikawa huduma yake rasmi. Ukitazama namba zao utaona siri ya kudumu kwao. Wakichukua 3.8-2 kuirudisha kwenye Debian 12, wanaiandika 3.8-2~bpo12+1. Kiwimbi hicho! Ni kubwa kuliko 3.2, kwa hiyo inaingia leo. Ni ndogo kidogo kuliko 3.8-2 yenyewe, kwa hiyo siku ukihamia Debian 13 inapisha bila kuombwa. Wameshaandaa njia ya kurudi kabla hujaondoka.

Tunavyofanya sasa

Baada ya ile Ijumaa nilisimama mbele ya kikundi nikasema nilichofanya. Yule dada akauliza swali moja: "Kwa hiyo kati ya Agosti na leo, mtu akinitumia PDF mbaya ningejuaje?" Nikamwambia usingejua. Akaitikia kwa kichwa, akafungua laptopu, akasema, "Haya, itoe."

Kuitoa si kazi kubwa. Kwanza unatazama:

apt policy jina-la-programu

Inakuonyesha kilichopo na kinachopatikana. Ukiona kilichopo hakitoki kwenye ghala lolote isipokuwa faili la ndani ya kompyuta yako la /var/lib/dpkg/status, jua kuna mtu alikupa kwa mkono. Kisha unaitaja namba rasmi waziwazi:

sudo apt install jina-la-programu=3.8-2

Apt itakuonya kwamba unashusha toleo. Kwa mara hii moja, kubali. Na ukitaka kuviona vifurushi vya kwenye kompyuta yako ambavyo havina toleo lolote kwenye ghala lolote, andika apt list '~o'. Tulipoifanya kikaoni, kila mmoja alikuta vitu asivyokumbuka nani alimpa. Mmoja alikuta kumi na tisa.

Hatujaacha kugawana. Bando ni ghali na boom likichelewa hakuna atakayeshusha mamia ya megabaiti peke yake. Ila siku hizi mtu akiomba toleo jipya, tunaanza kwa kuangalia Backports rasmi. Mara nyingi lipo tayari, ni suala la kuongeza mstari mmoja tu. Likikosekana ndipo tunatengeneza, ndani ya chumba safi, kwa namba yenye kiwimbi.

Hatugawi tena .deb moja moja, na hili wengi hawalijui. Kwenye Debian na Ubuntu, apt haikagui saini ya faili moja la .deb, inakagua saini ya orodha ya ghala, na ndani ya orodha ndimo zimo alama za kila kifurushi. Ukitoa kifurushi nje ya ghala lake umekitoa na ulinzi wake. Kwa hiyo tumejenga ghala dogo kwa reprepro kwenye kompyuta moja kuukuu ya kikundi, na anayetaka kwa flashi ananakili folda nzima, orodha na saini ndani yake, kisha anaiambia apt isome kutoka kwenye flashi kwa anwani inayoanza na file: badala ya mtandao. Saini inakaguliwa vilevile, bila bando hata shilingi. Alama ya ufunguo wetu tumeichapisha kwenye karatasi na huwa tunaisoma kwa sauti kikaoni. Wageni huona kama ibada fulani hivi, lakini ndiyo njia ya kuhakikisha hujapewa ufunguo wa mtu mwingine.

Kila kifurushi kina walezi wawili wa miaka tofauti ya masomo, ili mmoja akiwa fildi au kwenye sapu mwingine awepo. Na ghala lenyewe tumeliwekea tarehe ya kuisha: siku 30. Tusipoligusa na kulitia saini upya ndani ya siku hizo, apt za wanachama wote zinaanza kulalamika kwamba orodha imepitwa na wakati. Wengine walipinga, wakasema tunajitafutia kero. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Agosti ile kompyuta 31 zilikaa kimya kabisa, na laiti zingepiga kelele mtu angenitafuta.

Mpaka naandika haya, kati ya wale 31 nimewafikia 29. Wawili sijawapata: mmoja alimaliza chuo na namba yake haipatikani, mwingine alipewa na mtu aliyepewa na mimi, nasikia yuko Hosteli ya chini. Kama mwaka jana kabla ya mitihani ulipewa kwa flashi programu ya kusomea PDF, fungua terminali leo, andika apt policy na jina lake. Ikianza na 1: na kando yake 3.6, ni yangu. Njoo nayo Ijumaa saa 11 jioni, chumba kilekile cha juu ya maktaba, au muulize yule dada wa Sheria. Amri za kuiondoa anazijua kwa kichwa sasa.